Mbwa Aliyengoja Amina

Rafiki yangu, sogea karibu, maana hili silisimulii kwa kila mtu. Wewe nakujua. Ukicheka utacheka mbele yangu, si mgongoni. Nataka nikueleze jinsi nilivyomfundisha mbwa kungoja sala, na jinsi sala hiyo ilivyokaribia kumfukuzisha nyumbani. Majina sitataja. Hata la mbwa nitaliacha, kwa sababu binti yangu ndiye aliyempa, na siku hizi amekuwa mkubwa, analionea haya.

Ilikuwa mwaka 2017, mwanzoni, wakati wa mvua. Tulikuwa tunakaa Troyeville, mtaa wa jiji hili la ugenini, vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mreno, mjane. Mimi ni mshonaji. Mume wangu ni mlinzi, kazi ya usiku. Alikuwa anapenda kusema kwamba yeye analinda mali ya watu, na mali yake inalindwa na Mungu peke yake. Utani huo uliisha siku wezi waliporuka ukuta wakabeba nguo zote kwenye kamba, pamoja na magauni ya wateja niliyokuwa nimeyafua. Binti yangu alikuwa na miaka kumi. Aliwaona kupitia dirisha. Tangu siku ile, giza likiingia, hakuthubutu tena kwenda choo cha nje peke yake.

Nikasema: tutafute mbwa.

"Mbwa anakula," mume wangu akasema.

"Na wezi je, hawali?"

Akavaa koti lake la kazi, nami nikajua ameshakubali.

Tulienda mimi na binti mpaka kituo kimoja wanakotunza mbwa waliookotwa. Nilienda na wazo langu moja kichwani: mbwa mkubwa, mweusi, mwenye sauti. Kwetu Bukavu mbwa ni hivyo. Anakaa uani, anakula kilichobaki, anabweka. Hakuna mtu anayemuuliza habari zake. Mama mmoja mwenye mvi aliyetupokea akaniuliza nataka mbwa wa namna gani.

"Mkali," nikamwambia.

"Mkali kwa nani?"

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba ukali una mwenyewe. Swali hilo lilitembea na mimi kati ya vyumba vyao vya nyaya, mbwa wakiruka na kubweka kila upande, mpaka nikaona binti yangu hayuko nyuma yangu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mbwa mtoto, wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na lingine limelala. Huyo hakuwa anabweka. Alikuwa amekaa tu, ameinamisha kichwa upande, anatutazama midomo. Si macho, midomo. Kana kwamba ameambiwa kuna neno litatoka pale na yeye hataki limpite.

Walituambia aliokotwa mtaa wa Alexandra, ndani ya boksi, karibu na mto, siku ya mvua kubwa. Ndugu zake hawakupona.

"Mama, please, huyu," binti akasema. Kwa kawaida alikuwa ananijibu kwa Kiingereza tupu. Siku ile alichanganya, na hapo nikaona anataka kwa kweli.

Basi nikadhani tunalipa, tunambeba, tunaondoka. Hapana. Wakasema lazima kwanza mtu wao aje kuona nyumba.

Akaja mwanaume mmoja mwenye kofia. Akapima ukuta kwa macho, akatikisa geti, akauliza maji ya mbwa yatakaa wapi. Nikajibu vizuri tu. Kisha akauliza, "Na atalala wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Nje. Nje si ni nje?"

Akacheka, akasema mbwa mtoto analala ndani mpaka akomae, tena anahitaji kitu chake mwenyewe cha kulalia. Nilimtazama yule baba. Mimi nilipoolewa hakuna mtu aliyekuja kukagua nitalala wapi. Lakini nilikubali. Nikachukua vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye kazi, nikashona kizulia, kinene, chenye pamba katikati. Mume wangu alipokiona akauliza kama na yeye anaweza kuomba uraia wa mbwa.

Yule mkaguzi alitaka pia neno la mwenye nyumba. Bibi Mreno akatoka na fimbo yake. Alikuwa amevunjika nyonga mwaka mmoja nyuma, na tangu hapo alitembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Anaongea Kiingereza cha Kireno, mimi naongea Kiingereza cha shule ya jioni, na tunaelewana kwa sababu wote wawili tunakosea.

"Mbwa mtoto huruka watu," akasema. "Akiniruka mimi nikaanguka, siinuki tena. Nitakuangalia mpaka Pasaka. Pasaka nikiona bado anaruka, anarudi alikotoka. Usinune."

"Sitanuna, Bibi."

Mkaguzi akaniambia pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba mbwa anayerudishwa mara nyingi hachukuliwi tena. Watu wanajiuliza ana kasoro gani. Alidhani binti hasikii. Binti alikuwa amesikia. Usiku ule aliniuliza, "Mama, kama tutamrudisha, atajua ni kwa sababu gani?"

Siku tulipomchukua kulikuwa na mvua. Alikuwa anatetemeka sana. Nikafanya kile ninachokijua: nikamfunga mgongoni kwa kitenge, kichwa kikabaki nje, tukapita hivyo mtaa wa Bertrams mbele ya wasusi wote wanaokaa kando ya barabara.

"Eish, Mama! Huyo mtoto anafanana na baba yake?"

"Mkia wa ukoo gani huo?"

"Mwacheni," mwingine akasema. "Huyo angalau hatadai viatu vya shule."

Niliwajibu kwamba baba yake yuko kazini na akirudi nitawauliza kama wana ubavu wa kurudia. Tulipofika kwenye roboti, taa za barabarani, nikasimama, nikasikia mgongoni mwangu kutetemeka kumekwisha. Amelala. Sikiliza, rafiki yangu, nimebeba watoto mgongoni, najua uzito wa mtu anayelala. Ulikuwa ule ule.

*

Sasa kumfundisha. Hapo ndipo udadisi wangu ulipoamka, na mimi nikianza kuchunguza kitu sikiachi.

Shule mimi nimeisoma ukubwani, jioni, kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya cherehani kufungwa. Nimekaa dawati moja na watu wenye wajukuu. Kwa hiyo nilitaka sana kujua kiumbe asiye na lugha anajifunzaje. Kituo walitupa nafasi ya kwenda Jumamosi asubuhi kwenye bustani moja ya Bezuidenhout Valley, ambako mama mmoja Msotho mwenye sauti ndogo aliwafundisha watu na mbwa zao. Mimi nilimwita Sisi, yaani dada kwa lugha za huku, yeye akaniita Ma.

Alituambia mambo machache. Usimpige. Usimpigie kelele. Akifanya vizuri mpe kitu kitamu palepale, si baadaye. Kabla ya kula, aketi kwanza. Na mchagulie neno moja la kumwachilia, ili ajue sasa anaruhusiwa. Neno hilo lisibadilike. "Mbwa hasikii maana, Ma. Anasikia kinachofuata."

Wenzangu pale walichagua maneno ya Kiingereza. Mimi nilirudi nyumbani nikifikiri. Kwangu kuna neno moja tayari linalomwachilia kila mtu mezani. Mume wangu analingoja, binti analingoja, hata mchungaji akija analingoja. Hakuna anayegusa bugali kabla sijasema Amina. Kwa nini mbwa awe na neno lake?

Basi ikawa hivyo. Nilikuwa naweka bakuli lake chini kando ya meza yetu, namwambia "Keti," anaketi. "Ngoja." Halafu naombea chakula, na nikisema "Amina", sote tunakula, na yeye anakula. Mwanzoni alikuwa anaingiza pua kwenye bakuli katikati ya sala, nami nafunika bakuli kwa mkono nikiendelea kuomba. Siku zikapita. Nikaona anaanza kunitazama mdomo kama siku ile kwenye nyaya. Mate yanadondoka, mkia unafagia sakafu, lakini hasogei. Nikisema "Amina", hapo anaruka kama risasi.

Nilishangaa, usiniulize. Nilijaribu kusali kwa sauti ya chini kabisa. Alisikia. Nilijaribu kusali kirefu, nikataja ndugu wote wa Bukavu mmoja mmoja na shangazi za upande wa mume wangu. Alingoja. Mume wangu akafungua jicho moja.

"Mama watoto, mbwa anaweza. Mimi siwezi. Malizia."

Na binti yangu naye. Yeye alikuwa anasali kwa Kiingereza, haraka haraka, kama anayetoa namba ya simu. Sasa mbwa anajua Kiswahili tu: keti, ngoja, shuka, amina. Akitaka kumwachilia lazima asali kwa lugha ya mbwa. Nilikaa nikamsikiliza akitafuta maneno, "Mungu... tunakushukuru kwa... hii chakula," huku mbwa akimtazama kwa heshima zote. Kwa miaka nilikuwa nimembembeleza aongee Kiswahili, bila mafanikio. Nilikula bugali yangu.

Tatizo la kuruka tulilifanyia kazi pia. Nina mteja wangu mmoja, dada Mrundi Mwislamu anayeuza dukani, mtaa wa Mayfair. Yeye mate ya mbwa yakimgusa nguo lazima aifue kabla ya kusali, na hilo lazima niliheshimu. Akija kupima gauni, binti anamshika mbwa kwenye kizulia mpaka mgeni aondoke. Tulienda vizuri. Mgeni mmoja, mbwa mmoja, binti mmoja wa kushika. Bibi Mreno akipita uani, mbwa alikuwa anaketi. Bibi alianza hata kumnong'oneza maneno ya Kireno. Nikasema moyoni, Pasaka tutaiona kwa amani.

*

Maombi ya bamama wetu huwa ni Alhamisi alasiri, na yanazunguka nyumba kwa nyumba. Mwezi mmoja hivi kabla ya Pasaka ikawa zamu yangu. Nilikaanga mikate ya mafuta, nikapanga sahani kwenye meza ndogo katikati, nikamfungia mbwa chumba cha ndani na binti. Niliona nimefanya kila kitu.

Bamama wakajaa. Kiongozi wetu, mama mmoja mwenye kifua kipana na sauti ya tarumbeta, akasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!" tukajibu sote.

Kitu kikagonga mlango wa ndani. Pu!

"Nimesema Bwana asifiweee!"

"Aminaaa!"

Pu! Na ule mlango wetu komeo lake ni la jina tu. Ukafunguka, mbwa akaingia akipaa. Akapita juu ya mapaja ya mwenzetu mmoja, msusi, aliyekuwa amekaa karibu, akafika mezani, sahani ikaanguka, mikate ikaenda chini ya viti. Bamama wakapiga kelele. Mmoja akapanda juu ya kitanda na viatu vyake.

"Pepo!" akasema yule msusi. "Hii mbwa iko na pepo!"

"Toka! Katika jina la Yesu!" Kiongozi akanguruma.

"Amina!" wakaitikia wote.

Unaona sasa shida yangu. Kila walipomkemea walikuwa wanamkaribisha. Kila Amina yeye alikuwa anageuka, anatafuta chakula kipya, anamrukia aliye karibu, mkia juu, furaha tupu. Hajawahi kusikia Amina nyingi vile kwa siku moja. Nadhani aliona mbingu zimefunguka.

Binti akawa analia, "Ngoja! Ngoja!" na hakuna aliyemsikia. Mbwa akatoka mlangoni na mkate mdomoni. Na nje, palepale, Bibi Mreno alikuwa anakuja na fimbo yake kuona nyumba yake imeshika moto au vipi. Nyuma yangu mtu akasema tena "Amina." Mbwa akamrukia Bibi kifuani.

Fimbo ikaanguka. Bibi akarudi nyuma, akashika nguzo ya kamba ya nguo kwa mikono miwili. Hakuanguka. Lakini uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa, na mikono haikuiachia ile nguzo hata nilipofika. Nilimshika kiunoni. Alikuwa anatetemeka kama alivyotetemeka mbwa siku ya kwanza.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. "Nilisema Pasaka," akaniambia. "Nitashika neno langu. Pasaka nitakuja hapa mwenyewe. Akiniruka tena, basi."

Nikarudi ndani. Bamama walikuwa wameanza kukusanya mikoba.

"Maman, pole," Kiongozi akasema, "lakini kikundi hakiwezi kuomba mahali adui anapojibu."

Hapo akaongea mama mmoja mzee wa Uvira tunayemwita Koko, yaani bibi. Alikuwa hajasogea kwenye kiti chake muda wote, na kwenye paja lake kulikuwa na mkate aliouokoa. "Weye, mutoto wangu," akaniambia, "hii mbwa ulimufundisha nini?"

Nikaeleza. Bakuli, sala, Amina. Nilipokuwa naeleza ndipo na mimi nilipoelewa. Kisha Koko akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu na machozi yakatoka.

"Sasa pepo iko wapi?" akasema. "Kati yetu sisi bote, ni nani alitii neno kama yeye?"

Msusi naye akacheka, huku akifuta alama za miguu kwenye sketi. Kiongozi hakucheka, lakini aliweka mkoba chini.

Binti yangu peke yake ndiye aliyebaki amesimama, amemshika mbwa shingoni. "Kwa hiyo hakukosea," akasema. "Na bado atarudishwa."

*

Jumamosi nilimweleza mwalimu wa mbwa. Sisi alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Halafu nikamuuliza kilichokuwa kinaniwasha: neno likishaingia kwa mbwa, linaweza kutoka?

"Halitoki, Ma. Lakini unaweza kulipatia kazi nyingine. Usimwambie aache. Mwambie afanye nini."

Hilo nililijua. Mwalimu wangu wa shule ya jioni ndivyo alivyokuwa. Kwa miaka yote hakuwahi kuniambia "si hivyo". Alisema "jaribu hivi", na mtu mzima akipewa cha kufanya, haya inapungua.

Mpango ukawa hivi. Amina isimaanishe tena kula, imaanishe kwenda kwenye kizulia. Akishakaa pale, chakula kitamfuata, mkono ukiwa chini, kipande kidogo cha ini lililochemshwa. Akiruka, hakuna anayempa kitu wala kumtazama. Lakini Sisi aliniambia jambo moja zaidi: sauti yangu peke yangu haitoshi. Mbwa lazima asikie neno kutoka kwa watu wengi, kubwa na dogo, wamesimama na wamekaa, ajue ni lile lile.

Sasa watu wengi wanaosema Amina nitawatoa wapi? Wewe unajua. Nikaenda kwa bamama, mmoja mmoja, nikawaomba waje uani kwangu jioni kabla jua halijazama, wamsaidie mbwa.

Msusi alikubali palepale. Kiongozi alikataa. "Maman, hilo neno ni la Mungu. Siwezi kulitupa chini kama mfupa."

Sikumkasirikia. Swali hilo nilikuwa nalo mimi mwenyewe, na nilipiga nalo magoti kabla ya kulala. Je, ninachezea kitu kitakatifu? Niliomba, nikangoja. Sikusikia sauti. Lakini asubuhi, nikiwa nakanyaga cherehani, wazo likanijia wazi kabisa, na nikarudi kwa Kiongozi kabla hata sijanywa chai.

"Mama, hakuna atakayetupa neno. Kila mtu aombe kweli. Sala fupi, ya kweli, ya jambo lake. Akimaliza aseme Amina kama siku zote. Mbwa atasikia tu."

Akauliza: "Na Mungu?"

"Na Mungu atasikia kwanza."

Akaja.

Natamani ungeona uani petu jioni zile. Bamama kwenye madumu na viti vya plastiki, bakuli la maini linazunguka, binti yangu amesimama karibu na kizulia kama refa. Msusi akaanza: "Bwana, yule mteja aliyenikimbia na nywele zangu, umrudishe. Amina!" Mbwa akaruka. Tukageuza nyuso wote, tukatazama ukuta. Mbwa akatuzunguka, akashangaa, hakuna mkono. Binti akamwonyesha kizulia. Akaketi. Ini likaja.

"Bwana, miguu yangu. Amina."

"Bwana, mdogo wangu anavuka ziwa leo. Umuvushe. Amina."

Nilidhani nawajua hawa watu. Tulikuwa tumeomba pamoja kwa miaka, lakini zile sala zetu ndefu zina maneno mengi ya kuvaa. Kwa ajili ya mbwa walilazimika kufupisha, na mtu akifupisha anabaki na jambo lenyewe. Kiongozi, na sauti yake ile, siku ya kwanza alinong'ona tu: "Bwana, mwanangu apige simu. Amina." Sikujua kwamba mwanawe alikuwa amenyamaza. Mbwa alimtazama mdomo, akageuka, akaenda kwenye kizulia, polepole, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. Kiongozi akampa ini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akapangusa vidole kwenye kitenge, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kila jioni wa mwisho alikuwa binti. Kiswahili chake, taratibu: "Mungu, asirudi. Amina."

Mume wangu, akitoka kwenda kazini, alikuwa anapita katikati yetu akitikisa kichwa. "Sawa. Kwa hiyo mwizi akiruka ukuta akasema Amina, mbwa ataenda kulala?"

"Mwizi anayesema Amina muache aingie," Koko akamjibu. "Tutaongea naye."

*

Kuna siku mbwa aliweza na siku aliyosahau kila kitu. Jumatano kabla ya Pasaka alimrukia msusi tena, na binti hakula jioni ile. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na hakika. Nilikuwa na imani, na hakika ni kitu kingine.

Jumapili ya Pasaka tulitoka kanisani tukaja wote kwangu, kula uani. Hali ya hewa ilikuwa imeanza kupoa, jua zuri. Bibi Mreno akatokea kwenye mlango wake wa nyuma, amevaa vizuri, fimbo mkono mmoja, na mkono mwingine mkate mtamu wa Pasaka wa kwao, ule wenye yai zima ndani. Akashuka ngazi moja. Akashuka ya pili. Mbwa akasimama.

"Keti," binti akasema. Akaketi.

Bibi akaja mpaka katikati ya ua, akasimama pale, peke yake, bila kushika nguzo. Alikuwa anaogopa, niliona kwenye vidole vyake juu ya fimbo. "Haya," akasema. "Ombeni kama mnavyoomba."

Kiongozi akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Akaombea chakula kwa sauti yake yote. Hakupunguza kitu. Na mwishoni bamama wote, na mume wangu, na Koko, kwa pamoja:

"Amina!"

Mbwa akaruka juu, akageuka kutafuta kizulia. Hakikuwepo.

Kwa sababu ya sikukuu nilikuwa nimekifua asubuhi, mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba, juu. Mbwa akatazama mahali pake, saruji tupu. Akamtazama binti. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono. Akamtazama Bibi na mkate wake. Akapiga hatua kumwelekea Bibi. Bibi hakurudi nyuma.

Kisha akainua pua, akanusa hewa. Akampita Bibi kando, karibu kabisa, mkia ukagusa sketi yake. Akaenda mpaka kwenye kamba ya nguo, chini ya kizulia kinachodondosha maji, akaketi. Akainua kichwa akakitazama, sikio moja juu na lingine chini, maji yakimdondokea kwenye pua. Akangoja kishuke.

Halafu Bibi Mreno akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka nikaenda kumshika, na safari hii aliniegemea.

"Mpeni kizulia chake, maskini," akasema. "Mwaka mzima atangoja pale." Akamega mkate, akainama kwa shida, mkono chini kama tulivyokuwa tunafanya sisi, akampelekea. Alikuwa ametuangalia dirishani jioni zote zile, kumbe.

Binti akauliza, kwa Kiswahili, "Bibi, anabaki?" Nikatafsiri.

"Mwambie," Bibi akasema, "kwamba huyu mbwa anajua mahali pake kuliko wapangaji wengi niliowahi kuwa nao."

Alibaki. Wezi hawakurudi, sijui kama ni kwa ajili yake au kwa ajili ya sala. Binti akaanza tena kwenda choo cha nje jioni, mbwa mbele, yeye nyuma. Na mpaka leo mimi huwa namtazama tukiomba, najiuliza yule anafikiri Amina ni nini. Zamani ilikuwa chakula. Sasa ni mahali pa kukaa, na watu wanakuja kwako na kitu mkononi. Naona hajakosea sana.

Ndiyo hayo, rafiki yangu. Sikuombi uyatunze kama siri. Unamjua mtu aliyechukua mbwa mtoto na sasa amechoka, anataka kumrudisha kwa sababu anaruka, anatafuna, hasikii. Mpelekee habari hii leo, kwa mdomo wako. Mwambie kabla hajashika kamba kwenda kumrudisha, akae naye chini amuulize kwanza: mimi nilikufundisha nini?